Mkono wa Eusebio

Trondheim, Norway
14 Septemba 1997

Mjomba Mudathiri,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mbele ya cherehani na si kwenye foleni ya zahanati, maana mama aliniandikia kwamba goti lako limeanza tena ukorofi. Mpe mkaza mjomba Zuhura shikamoo yake, na umwambie ule ubuyu alionifungia niliumaliza ndani ya ndege.

Huku mimi ni mzima. Baridi imeanza na watu wanasema bado. Nimenunua koti lililokwisha kuvaliwa na mtu mwingine, zito kama godoro, na nikimaliza masomo nitaligawa. Ukilikuta mnadani Masoko mwaka kesho usilikate.

Sasa haja yangu. Unajua nilikuja kusomea kompyuta. Somo langu la shahada ya pili linaitwa mtandao wa neva. Ni programu iliyotengenezwa kwa kuiga ubongo: vijisehemu vingi vidogo vilivyounganishwa, na kila kiungo kina nguvu yake. Siipi sheria yoyote. Naisikilizisha ngoma, nayo inakisia nani kapiga. Ikikosea naiambia, inabadilisha nguvu za viungo vyake kidogo, tunarudia. Mara elfu kumi, mara elfu ishirini, mpaka inashika.

Nataka ijifunze kuwatambua watu wawili: wewe na Mzee Eusebio wa Kipatimu. Nyote mlifundishwa na marehemu babu, mnapiga mdundo mmoja, na hata mama alikuwa akisema kwamba akiwa jikoni hawezi kujua ni nani kati yenu. Profesa wangu anasema mashine haitaweza kuwatenganisha. Mimi nimesema itaweza, mbele ya darasa zima. Shahada yangu sasa imekaa juu ya neno hilo.

Mwenzangu Valentini anarudi Lindi, atakuletea kinasa sauti kidogo na kanda mbili. Kila mmoja apige ule mdundo wa harusi wa babu mara arobaini, vipande vifupi vifupi. Tumieni msondo mmoja, ile ngoma ndefu ya babu, na kila mtu awekewe betri mpya. Betri zikichoka kanda huenda kwa mwendo mwingine, na mashine itajifunza betri badala ya mikono. Ndiyo tabia yake, hupenda njia ya mkato.

Nakutegemea, mjomba. Mbusu mama.

Mpwa wako,
Mwahija


Kilwa Kivinje
19 Oktoba 1997

Mwahija mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba uitumie wakati wa baridi kali. Goti lipo, tunaelewana. Mama yako hajambo, amefuga bata wanne na wote wamehamia kwangu. Mkaza mjomba wako anauliza kama huko kuna watu au ni theluji tupu.

Kazi ya ufundi imegeuka. Tangu milango ya biashara ifunguliwe kila mtu anavaa suruali ya Mzungu, na Mzungu ana miguu mirefu, kwa hiyo riziki yangu siku hizi imo kwenye vile vipande ninavyokata chini. Silalamiki. Zamani tulipanga foleni duka la ushirika kutafuta betri. Leo zimejaa sokoni kama dagaa, ingawa nusu yake zimekufa kabla hazijafunguliwa. Nimechagua nzima, usiwe na wasiwasi.

Huyo mwanafunzi wako wa bati nimempenda. Hivyo hivyo ndivyo babu yako alivyotufundisha. Hakuwahi kueleza neno. Alipiga, tukapiga, akatikisa kichwa. Siku asipotikisa kichwa ulijua umepata, na ulikwenda nyumbani unaruka.

Kanda zote mbili hizi hapa. Ya kwanza mimi, ya pili Eusebio. Yeye ni mzima, machungwa yake yamekubali, na anakusalimu. Barabara ya Kipatimu unaijua mwenyewe, sina haja ya kuisimulia. Nina magauni sita ya harusi ya kushona kabla ya Jumamosi, kwa hiyo nakomea hapa.

Mjomba wako,
Mudathiri


Trondheim
11 Januari 1998

Mjomba Mudathiri,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwenu nyote. Huku jua linatoka saa nne asubuhi na kuzama saa tisa, kwa hiyo funga yangu ni sawa na kuchelewa chakula cha mchana. Nakula futari peke yangu, nikiwaza tambi za mkaza mjomba.

Kanda zilifika salama tarehe mosi Desemba. Niliposikia msondo wa babu ndani ya chumba hiki nililia kidogo, kisha nikacheza peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Lakini nina tatizo. Nilichukua vipande thelathini vya kila kanda nikaifundisha mashine, nikaficha kumi kumi vya kuitahini. Kati ya ishirini ikapata kumi na moja. Mtu akirusha shilingi hewani anapata hivyo hivyo. Nikasema kosa ni langu, nikaandika programu upya. Ikapata tisa. Nikapima mwendo wa kanda nikidhani ni betri, betri hazina hatia. Mwishowe nikawaomba wanafunzi wawili wa hapa, wapiga ngoma, wapige mdundo mmoja. Hao mashine iliwatenganisha bila taabu, mara kumi na nane katika ishirini.

Kwa hiyo mashine ni nzima. Inachosema ni kwamba kanda ya kwanza na kanda ya pili zimepigwa na mtu mmoja.

Mimi siwezi kuiamini mashine nikamwacha mjomba wangu. Nakuuliza tu: siku ile ya kurekodi kulikuwa na jambo lolote nisilolijua? Profesa amenipa mpaka mwisho wa Mei. Ufadhili wangu unakwisha Juni, na bila kanda mbili za watu wawili nitarudi nyumbani na koti tu.

Mpwa wako,
Mwahija


Kilwa Kivinje
22 Februari 1998

Mwahija,

Marahaba. Sikukuu ilipita vizuri ingawa mvua haikufunga hata siku moja. Mwaka huu inanyesha kana kwamba imelipwa. Pantoni ya Rufiji imesimama mara tatu, barua yako ilikaa njiani wiki nne na imefika imevimba. Bata wa mama yako ndio peke yao wanaoshukuru.

Kuhusu mashine yako, nasema kwa upole kwamba haina adabu. Mimi nilianza kupiga ngoma kabla umeme haujafika Kivinje. Ije chombo kutoka baridini iniambie mimi ni nani na si nani? Labda haisikii vizuri. Labda theluji imeingia ndani. Labda watu waliofundishwa na mwalimu bora kabisa hufanana kabisa, ulishalifikiria hilo? Mwambie profesa aliandike hivyo, litakuwa jambo jipya duniani.

Wewe ni msomi, utapata njia nyingine. Kwa nini isijifunze kutofautisha vinanda? Wazungu wanavyo vingi.

Kwenda Kipatimu sasa haiwezekani, barabara imekatika. Mkaza mjomba wako anasema niandike kwamba ingekuwa kavu pia nisingekwenda, lakini usimsikilize, ana mafua.

Mjomba wako,
Mudathiri


Trondheim
15 Machi 1998

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mkaza mjomba namwombea nafuu ya hayo mafua, na namshukuru.

Sina habari nyingi. Nimejaribu vinanda. Mashine imevitofautisha kwa siku moja, na profesa amesema hilo lilikwisha kufanywa na watu wengine, halina shahada ndani yake. Nimebakiwa na miezi miwili na nusu.

Sihitaji kujua kilichotokea, mjomba. Nahitaji mkono wa Mzee Eusebio. Kama unaona vigumu kumwendea, niambie nimwandikie mwenyewe, nitamwomba kwa jina langu.

Neno moja nimelificha miaka kumi na miwili, na nimelificha kwa sababu nakupenda. Siku ya harusi ya dada, ngoma ya babu ilipopasuka, mimi nilikuwa nimekaa karibu na moto.

Mpwa wako daima,
Mwahija


Kilwa Kivinje
26 Aprili 1998

Mpwa wangu Mwahija,

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma nikiwa kwenye cherehani, na nikashona mfuko wa suruali ya mtu mpaka ukafungika. Mwenye suruali hajajua bado.

Basi uliona. Miaka yote hiyo ukanipa shikamoo bila kunitazama vibaya hata siku moja. Nimeona aibu, Mwahija, nakwambia wazi.

Uliona kwamba ni mimi niliyeupasha msondo. Niliuweka kwenye moto wa makumbi ya nazi ngozi ikaze, kama kawaida, kisha nikaitwa na wageni wa Lindi waliotaka kunisifu, nami nikaenda kusifiwa. Ngozi ikalia paa! mbele ya harusi nzima. Ngoma ya baba yangu. Neno likanitoka: "Eusebio, umeipasua!" Watu wote wakamgeukia. Alivaa kofia yake, akamwita mkewe Romana, wakaondoka. Baada ya mwezi akaniletea ngozi ya mbuzi, nzuri sana, niwambe upya. Mtu asiye na kosa, ananiletea ngozi! Nikairudisha, nisingeweza kuitazama, nikawamba nyingine. Tangu hapo hatukuonana. Kanda ile ya pili nilipiga mimi, Kivinje, mlango umefungwa, nikimwiga yeye. Nilidhani namjua vya kutosha.

Jumatano mvua ilipopumua nilipanda lori mpaka Njia Nne, na kutoka hapo kwa miguu, msondo kichwani, kinasa sauti shingoni. Goti limenitukana njia nzima. Nilimkuta uani anachambua machungwa na majirani watatu.

Hakunyanyuka. "Umefuata nini?"

"Mkono wako," nikasema.

"Upi? Yote miwili naitumia."

Kwa kuwa nilimsingizia mbele ya watu, nikasema mbele ya watu. Nikawaambia wale majirani na Romana kwamba mimi ndiye niliyepasua ile ngoma, na yeye hakuigusa. Nikawaeleza na kanda ya uongo pia, na mashine iliyonikataa.

Eusebio akaweka chungwa chini. "Miaka yote nakungoja useme, na umekuja kwa sababu umekamatwa na redio?"

"Si redio. Kompyuta."

"Ya nani?"

"Ya Mwahija, yule binti wa dada yangu."

"Aa," akasema. "Yule aliyekaa karibu na moto."

Akaanza kucheka, na unajua kicheko chake, kinaanzia tumboni na kinachukua muda kufika. Romana akacheka, majirani wakacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, sijui ya nini. Kisha akanipa adhabu. "Leo utapasha wewe. Mimi nakaa. Na usigeuze shingo."

Basi nikachuchumaa kwenye moto kama mwanafunzi, naugeuza msondo, yeye nyuma yangu anaamuru: karibu, mbali, geuza, nani kakwambia uache? Kila jirani aliyepita akaitwa aje kutazama. Ngozi ilipokaza akaigonga kwa kidole, wala hakutikisa kichwa. Nilijisikia nina miaka kumi.

Vipande arobaini hivi hapa, betri mpya, msondo uleule. Valentini ana mtu wa kuvibeba mpaka Dar na kuvitia ndegeni. Naomba Mungu vifike kabla ya mwisho wa Mei, na unisamehe kwa muda niliokupotezea.

Mjomba wako,
Mudathiri


Trondheim
21 Juni 1998

Mjomba wangu Mudathiri,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Nimefaulu!

Kanda ilifika tarehe 19 Mei. Sikulala siku mbili. Nilifundisha mashine kwa vipande thelathini vya kwanza vya kila mmoja wenu, nikaitahini kwa kumi vya mwisho. Imepata kumi na saba katika ishirini. Profesa alinipa mkono, kisha akaomba asikilize kanda zote mbili, na alipomaliza akaniuliza kama inawezekana aje Kilwa. Nimemwambia alete kinasa sauti na asilete suruali.

Nikachungulia pia mashine inawatambua kwa nini. Wewe, mjomba, unachelewesha pigo la nne, kidogo mno, kama nusu ya nusu ya kupepesa jicho. Mzee Eusebio hacheleweshi. Na katika kanda ile ya Kivinje ulipomwiga uliiga kila kitu, nguvu, madaha, hata anavyokohoa kabla ya kuanza, lakini pigo la nne lilibaki lako. Nadhani ni mazoea ya kukanyaga cherehani.

Limebaki jambo moja ambalo mtahini aliniuliza. Makosa matatu yote yako kwenye kanda ya Kipatimu: kipande cha thelathini na nne, cha thelathini na tano, na cha arobaini. Ni vya Mzee Eusebio, lakini mashine imeng'ang'ania kwamba ni vyako. Nimeandika kwenye tasnifu kwamba sababu haijulikani. Je, wewe unaijua?

Nitafika nyumbani katikati ya Septemba. Mama anasema kutakuwa na karamu. Natamani nisikie misondo miwili.

Mpwa wako mwenye shahada,
Mwahija


Kilwa Kivinje
9 Agosti 1998

Msomi wetu Mwahija,

Marahaba kwa kila herufi ya shahada yako! Barua yako imesomwa kwa mama yako, kwa mkaza mjomba wako, sokoni, na kwa kondakta wa basi la Masoko ambaye hakuuliza. Mama yako amechinja bata mmoja na kuwatishia waliobaki.

Nakuandikia nikiwa na Eusebio hapa barazani. Ameshuka tangu Ijumaa kufanya mazoezi ya karamu yako, na amekataa kuondoka.

Kuhusu hayo makosa. Kipande cha thelathini na nne na cha thelathini na tano ni Eusebio mwenyewe. Jioni ile tulikuwa tumechangamka, akasema, "Ngoja na mimi nikupige wewe." Akapiga. Nikashtuka, Mwahija, nilidhani nimekaa pale. Nikauliza amejifunzia wapi. Akajibu Romana. Alisema mdundo wa babu yako unataka watu wawili, mmoja anapiga, mwenzake anamjibu kwa mapigo yale yale, na zamu ya mmoja bila ya mwenzake haichezeki. Basi miaka yote hiyo Eusebio alikuwa akikaa uani, anapiga zamu yake, kisha anahamia upande wa pili wa ngoma na kupiga zamu yangu kwa mkono wangu, ili asiisahau. Nikawaambia nakwenda kuangalia machungwa. Nilisimama huko muda mrefu na sikuona chungwa hata moja.

Kwa hiyo mashine yako inajua kunikamata mimi, lakini yeye imemwachia apite. Mimi nilimwiga siku moja kwa kudanganya, yeye ameniiga miaka kumi na miwili kwa kunikumbuka. Waandikie hivyo hao wakubwa.

Kuhusu kipande cha arobaini sina maelezo. Labda betri.

Njoo salama.
Mjomba wako,
Mudathiri

Mwahija mwanangu, ni mimi Eusebio. Mjomba wako amekwenda kunitafutia kahawa, kaiacha karatasi mezani, na mimi shule ya misheni nilisoma.

Si betri. Tulipofika kipande cha arobaini Romana aliniita nije nishike ng'ombe. Niliporudi nikamkuta mjomba wako amekaa kwenye ngoma, kinasa sauti kinazunguka, anapiga macho yamefumbwa. Aliniapisha nisiseme. Mashine yako hapo haikukosea, imemkamata mara ya pili. Ongeza hicho kimoja, ziwe kumi na nane.

Ukija, kaa palepale karibu na moto. Yeye ndiye atakayepasha.